Ghala Namba Nne na Penseli ya Kijani

Jumatatu, 12 Julai 1993

Serikali ilifunga mwaka wake tarehe thelathini Juni, na sasa sisi wa hesabu ndio tunakamuliwa. Nimepewa tena orodha ya mashirika ya umma. Thelathini na nane! Kila shirika ni mtoto wa serikali, lakini kisheria ana jina lake, benki yake, bodi yake, hata kushtakiwa anashtakiwa mwenyewe. Kazi yangu ni kuandika kila mtoto ana nini, kisha niunganishe na vitabu vya mzazi.

Leo nimefika Shirika la Maghala, kule bandarini Port Bell. Mwaka jana walikuwa na maghala manne. Mwaka huu wameandika matatu. Namba nne haipo. Hakuna maelezo, hata mstari mmoja.

Na nyuma ya namba nne ndipo anapoishi Baba! Ni mlinzi pale tangu turudi kutoka ukimbizini Sudani, mwaka 87. Vyumba viwili, choo chake, banda la kuku. Nyumba yetu ya Bombo ilichukuliwa vita vya 79 vilipotukimbiza, hii ndiyo aliyoipata. Sijapenda.

Alhamisi, 15 Julai

Nimempigia simu Safinah, karani wa hesabu wa Shirika. Anasema ghala walilirudisha serikalini mwezi wa Novemba, kwa barua. Sauti tamu mno. Mtu akikuita "dada yangu" mara tatu kwa dakika moja, shika mkoba wako.

Haya, nimefungua rejista ya majengo ya serikali. Hakuna! Nimepekua mara mbili, kidole juu ya kila mstari. Mtoto anasema nimempa mzazi, mzazi hana habari. Sasa ghala ni la nani?

Nimemuuliza mkuu wetu, Bwana Tarcisio. Macho hakuinua. "Nyabo," ndivyo anavyotuita wanawake wote, "hilo shirika ni mtu mzima. Utaanza kupekua mtu mzima mifuko?" Halafu eti wao hufunga mwaka Desemba na sisi Juni, kwa hiyo kikipotea kitu hapo katikati kitaonekana mwaka ujao. Kale, haya! Jengo zima la kuingia malori linapotea katikati ya miezi?

Kabati lake la barua ameanza kulifunga kwa ufunguo. Zamani lilikuwa wazi. Nimeliona hilo pia.

Jumamosi, 17 Julai

Nimempelekea Baba gurusa, zile chapati zetu laini, bado za moto. Nikakuta uzio mpya wa mabati umezunguka namba nne! Nguzo hata hazijakauka dawa. Baba anasema alikuja bwana mmoja wa koti na karatasi: jengo hili halina mwenyewe katika kitabu chochote, kampuni yake imepewa. Baba ahame kabla ya tarehe thelathini na moja.

Halafu mzee wala hana wasiwasi. Wewe uko serikalini, anasema, utauliza. Akakaa anakula gurusa na daftari lake la geti pajani. Lile daftari! Hatii alama mpaka ashike gunia kwa mkono wake, moja moja, madereva wanamtukana na foleni inafika barabarani. Jicho hudanganywa, anasema, mkono haudanganywi. Leo kanivuta mimi, akanishikisha ukuta wa ghala.

"Lipo au halipo?"

"Lipo, Baba."

"Basi kaandike."

Nimelia njia nzima mpaka nyumbani Kibuli, kwa hasira.

Jumanne, 20 Julai

Nimewaona! Tarcisio na Safinah, meza moja, mkahawa wa Kamwokya, samaki mzima katikati yao. Nilipopita wakainamia samaki. Nikasalimia kwa makusudi. Safinah: "Dada yangu!" Shenzi.

Nimepata njia. Kila barua ya kurudisha mali, ofisi yetu huipiga tiki kwa penseli ya kijani. Tiki maana yake: tumepokea, na tumeandika kwenye rejista. Aliyepiga tiki bila kuandika ndiye mwizi. Kila mtu hapa na tiki yake, mimi nazijua zote. Nikiipata barua ile namjua mtu, na jina lake linakwenda kwa mkaguzi siku hiyohiyo. Sitamhurumia, hata akiwa na watoto kumi.

Ijumaa, 23 Julai

Mzee Alal, tarishi, ndiye hufagia chumba cha Tarcisio. Nimembembeleza siku tatu nzima. Leo saa ya chakula amenifungulia kabati kwa ufunguo wa akiba.

Barua ipo. Tiki ipo. Ya kijani, mkia mrefu unapinda kushoto.

Yangu.

Ya Rabbi. Nimerudi nyumbani nikafungua daftari hili hili, Jumanne ya 23 Machi: "Idi kesho kutwa. Rundo lote nimelimaliza kabla ya saa sita, nikawahi nyama nzuri." Barua arobaini, za tangu Novemba! Nilizipiga tiki moja baada ya nyingine, rejista nikasema nitaiandika baada ya Idi. Sikuiandika.

Ile nyama Baba aliisifu.

Jumapili, 25 Julai

Sijakwenda Port Bell. Nimetuma neno kwamba naumwa. Naumwa kweli.

Jumatatu, 26 Julai

Naandika chooni, kazini. Asubuhi nimekuta faili lenye ile barua juu ya meza yangu. Lililokuwa kabatini, kwa ufunguo! Juu yake raba mpya ya kufutia, bado na karatasi yake. Nani kaiweka? Alal anaapa si yeye. Tarcisio kapita, kasema anataka orodha saa nane, kisha: "Penseli si wino, nyabo."

Nikifuta tiki, serikali haikupokea kitu. Ghala linarudi kwa Shirika, Baba analala kwake. Rahisi hivyo! Na kwa nini wanirahisishie, hao hao? Lazima kuna nakala yenye tiki kwenye droo ya mtu. Nikifuta, nitakuwa mtumwa wao mpaka kustaafu. Nikiandika ukweli, kwamba tulipokea na mimi ndiye sikuandika, ghala ni la serikali, uzio utang'olewa. Na mimi pia.

Ngoja. Sauti ya Baba!

Amekuja mwenyewe, yuko kwenye korido. Nasikia Tarcisio kampa kiti — Tarcisio, asiyempa mtu kiti! Anamuuliza: mzee, huyo aliyepoteza ghala lako, tukimpata tumfanye nini? Taratibu, mdomo karibu na mlango huu wa choo.

Baba anacheka. Anasema amwulize binti yake, huyo hatii alama kitu asichokishika kwa mkono, amemfundisha mwenyewe.

Raba nimeishika. Faili liko magotini. Wananiita.