Nyumba za Mbao za Bergen

Doha, Jumamosi, Agosti 2014

Na bado zile nyumba za mbao za Bergen haziniondoki akilini. Nyekundu, njano, nyeupe, zimejipanga mbele ya bandari, nyingine zimeinamiana kama watu wanaonong'onezana. Kumbe Norwei ni kuzuri hivyo!

Kabla hatujasafiri, mwanawe Mzee Jassim, mzee ninayemuuguza hapa Doha, alinionya: "Sista, baba asitoke kwenye kiti cha magurudumu. Akianguka, kazi huna."

Nilimsukuma mzee katika kichochoro cha mbao, nikimweleza niliyosoma pale: mtaa ule umeungua mara nyingi, na kila mara watu waliujenga upya vilevile.

Akasema, "Mtaa wetu wa zamani kule Doha haukuungua. Tuliubomoa wenyewe."

Akashika ukuta, akasimama. Ningemkataza vipi? Nilimshika mkono, tukatembea polepole hadi mwisho wa kichochoro, yeye akipapasa kila mlango.

Leo tulipotua niliogopa sana. Mwanawe akaniuliza kama baba alitoka kwenye kiti. Kabla sijafungua kinywa, mzee akamjibu:

"Nilitembea. Sasa muulize kama nilianguka."