Mgonjwa wa Kule Mnadani

Jumatatu, 8 Julai
Nimetembea tena. Hadi mnadani wanakouzia ng'ombe, na kurudi kabla ya kengele ya shule. Upepo wa hapa Chemba mwezi huu hauna adabu. Magoti yananung'unika. Daktari kasema dawa za presha peke yake hazitoshi, nitembee kila asubuhi. Mama yangu alianguka jikoni akiwa na umri huu wangu. Hakuongea tena. Sijamwambia mtu, hata Neema, binti yangu anayesoma Dodoma mjini.

Jumatano, 10 Julai
Nimeharibu. Jirani yangu Mama Stella kaniona. "Mwalimu, alfajiri yote hii, mikono mitupu, kwema?" Mwanamke mzima, sina jembe wala kikapu, jasho linanitoka. Niliona aibu. Nikasema naenda kumwona mgonjwa kule mnadani. Akanipa pole, akaniachia njia.

Ijumaa, 12 Julai
Wanauliza. Muuza maandazi: mgonjwa anaendeleaje? Mwalimu mkuu naye: mgonjwa wako vipi? Nikajibu ana nafuu kidogo. Mdomo huu utaniponza.

Jumapili, 14 Julai
Balaa. Mama Stella ndiye kiongozi wa akina mama kanisani. Baada ya ibada katangaza: Jumamosi tunakwenda kumwona mgonjwa wa mwalimu. Wote wakaitikia. Na mimi nikaitikia, mjinga mimi.

Alhamisi, 18 Julai
Sijatembea tangu Jumapili. Naogopa kukutana na watu. Kichwa kinagonga. Zahanati wamenipima, presha imepanda kuliko mwanzo. Kila saa nakunja vidole vya mkono wa kushoto, nione kama bado vinanisikia. Nitakuja kufa kwa kuogopa kuulizwa naenda wapi.

Jumamosi, 20 Julai
Walikuja mapema. Vitenge, chupa ya uji, hata sabuni za mgonjwa. Nikatangulia. Nilidhani njiani nitapata neno la kusema. Sikupata. Tukaupita mnada, nyumba zikaisha, mbele vichaka na mbuzi tu.

"Mwalimu, nyumba yenyewe ni ipi?" Mama Stella akauliza.

"Mgonjwa ni mimi," nikasema. "Nina presha. Nimeambiwa nitembee."

Nikalia mbele yao kama mtoto. Nilitamani ardhi ipasuke. Mmoja alicheka, wenzake wakamkata jicho. Mama Stella alikasirika, alikuwa hafichi. Kisha akafungua chupa, akamimina. "Umetudanganya, mwalimu. Haya, kunywa." Wakanisimamia mpaka nikamaliza.

Jioni nimempigia Neema, nimemweleza yote. Kanigombeza sana. Halafu nikasikia analia.

Jumatatu, 22 Julai
Baridi. Nimefungua mlango, Mama Stella yuko uani, ndoo tupu kichwani. Kasema wakituuliza, tunakwenda kuchota maji. Bomba liko upande mwingine kabisa na Chemba nzima inajua. Sikumbishia.

Tukashika njia ya mnadani. Kwenye mwinuko pumzi ilinikata, akanisubiri. Bado naogopa.