Kikombe Chenye Alama Nyekundu

Mwanangu,

Magoti yamegoma, macho bado yanasoma.

Mnasema nilimuuguza baba yako. Uongo. Ukimwi ulipomlaza kaka yangu huyo, nilikitia kikombe chake rangi ya kucha, kisichanganyike na vyetu. Aliyemwogesha ni jirani yetu msusi, na wenzake wa kikundi cha kuhudumia wagonjwa. Siku moja alikinywea chai mbele yangu, akacheka: "Mwalimu, chai haiambukizi, ila hii yako haina sukari!"

Baadaye aliugua yeye, akaja kunitembelea. Nikammiminia chai katika kikombe kile kile. Alikitazama, akanywa yote, akakiosha mwenyewe. Hakurudi tena.

Leo mikono inatetemeka. Binti wa yule msusi ndiye anayeninywesha chai. Huionja kwanza, nisiungue. Nikifa, mwambie habari ya kikombe kile. Mimi nimeshindwa.

Shangazi yako,
mwalimu asiyefunzika