Watoto Sita wa Bwana Ndege

Kisarawe,
Tarehe 9 Aprili, 1954.

Mpendwa mdogo wangu Abeid,

Nakusalimu kwa salamu nyingi, tena za mtu mwenye kinyongo kidogo. U mzima? Huko Mwanza mnaendeleaje, na kile kikohozi kimekuacha? Sisi huku hatujambo, ila mvua inatutesa na makaa yangu ya pasi yamelowa. Mama anagombana na kila mtu, kwa hiyo jua kwamba afya yake ni njema.

Mkeo Zubeda yuko kwa mama yake kule Tangini, Kibaha, na siku zake zimekaribia. Barua yako tuliisoma. Umesema huji mpaka kazi ya pamba iishe, na kwamba hata ukija utafanya nini, maana kuzaa ni kazi ya wanawake. Sitaki kukujibu kwa hasira. Nitakusimulia tu yaliyotupata juma lililopita.

Unamkumbuka Bwana Ndege, yule Mzungu ninayemfulia? Ndiye aliyerusha ndege za vita kule Burma, na sasa anapeleka abiria Mbeya na kuwarudisha. Angani ni simba, lakini nyumbani anamfuata mkewe kama kifaranga. Mtoto wao wa kwanza alifariki yeye akiwa safarini, akarudi akakuta wamekwisha kuzika. Basi mimba hii ilipoingia, mwenzetu alikuwa hali halali.

Alipopangiwa safari ya Mbeya wakati mkewe yuko karibu kujifungua, aliniita akaniagiza. Akizaliwa wa kike, nitandike shuka moja nyeupe kwenye majani mbele ya nyumba. Akiwa wa kiume, nitandike blanketi jekundu. Yeye wakati wa kurudi atapita juu yetu aone, ndipo akatue Dar es Salaam.

Mkewe alishikwa na uchungu alfajiri. Gari la daktari likanasa kwenye matope ya Pugu, kwa hiyo aliyemzalisha ni mama mkwe wangu, Bi Swaumu. Akatoka mtoto wa kike, mzima, na sauti yake utadhani anauza samaki. Nikatandika shuka yangu moja, nikainyoosha vizuri, nikaenda msikitini kuswali adhuhuri roho yangu kwatu.

Kumbe nimewasahau wanawake! Unawajua majirani zetu, hawawezi kusikia kuna mzazi wakakaa. Walikuja na ndoo zao, wakafua kila kitambaa kilichokuwa ndani ya nyumba ile, na kwa kuwa jua lilikuwa limetoka kidogo, wakaanika vyote palepale kwenye majani. Nilirudi nikakuta shuka tano na blanketi jekundu, na ndege inanguruma upande wa Ruvu.

Nilikimbia nikaanza kuzikusanya. Ndege ikafika, ikazunguka. Nikaondoa ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hapo ndipo nilipotambua kwamba Bwana Ndege huko juu anaona wanawe wanapungua mmoja mmoja. Nikaingiwa na hofu, nikaanza kuzirudisha. Bi Swaumu akaja mbio, akashika upande wa pili wa shuka.

"We Mfaume, una wazimu? Hazijakauka hizo!"

Nikajikuta navutana shuka na mama mkwe wangu mchana kweupe, jambo ambalo katika ukoo wetu halijapata kutokea. Ndege ilizunguka tena, chini kabisa, mpaka mbuzi wa Mzee Kondo wakakata kamba. Tumesikia karani mmoja wa Boma alikuwamo ndani, akatapikia kofia yake.

Jioni Bwana Ndege alitokea kwa miguu, gari amelitelekeza matopeni, viatu mkononi.

"Wangapi?" akauliza. "Walio hai ni wangapi?"

Bi Swaumu akamtazama juu mpaka chini. "Mmoja, Bwana. Wengine ni nguo."

Yule mwanamume aliyepigana vita alikaa kwenye matope akalia huku anacheka. Mimi pia nililia, wala sikuona haya.

Kisha akaingia ndani hivyo hivyo na matope yake. Hakufanya kazi yoyote, Abeid. Hakuchemsha maji wala hakushika kitambaa. Alikaa tu ukingoni mwa kitanda. Lakini Bi Swaumu anasema yule mzazi alikuwa hajathubutu kumtazama mtoto tangu amzae, kwa hofu ya yule wa kwanza. Mumewe alipokaa, ndipo alipomfunua. Uliuliza ukija utafanya nini, basi ni hicho tu. Omba ruhusa, panda treni, ushukie Ruvu, nami nitakuja kukupokea.

Mama anakusalimu na kukugombeza. Mke wangu Siwema anakusalimu, pamoja na Mzee Kondo, ambaye bado anatafuta mbuzi mmoja. Bi Swaumu anakusalimu sana, ingawa mimi hasemi nami.

Zubeda hatumi salamu. Nilikwenda Tangini Jumapili kumwomba, akasema alizokuwa nazo amekutumia zote tangu Mfungo Sita, na zilizobaki ni za kukupa uso kwa uso. Alisema hivyo akanipa kisogo, asinionyeshe macho yake.

Mwenyezi Mungu akulinde njiani, maana naamini utakuwa njiani.

Wako akupendaye,
Kaka yako, Mfaume.