Mama mkwe alimlilia mume wangu akiwa hai

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla ndoa yangu haijavunjika, maana mume wangu amehamia kwa mama yake na mama yake hataki hata kusikia sauti yangu, na kosa langu ni kufuata sheria. Mimi ni karani wa masjala ya wagonjwa hospitalini, tumetoka juzijuzi kwenye semina ya siri za wagonjwa, sasa mume wangu akadondoka mbele yangu kwenye stuli akibadilisha balbu ya sebuleni, kavaa gauni langu la kulalia, akavunjika mkono, nikampeleka hapohapo kazini kwangu akalazwa, mara mama mkwe akapiga simu ya ofisi, "Mwanangu yuko wapi, mbona hapokei?" nikamjibu kama tulivyofundishwa, "Siwezi kuthibitisha wala kukanusha kama mtu huyo yupo hapa," akalia, nikarudia vilevile, basi mama wa watu akajua mwanawe amekufa nami ninaficha, ukoo ukakusanyika, turubai likafungwa, na mume wangu aliporuhusiwa kutoka hospitali akaenda kumsalimia mama, akakuta shangazi yake anagaagaa chini akimlilia yeye! Kweli aliniambia nimweleze mama, lakini nilimtaka asaini kwanza fomu ya kibali, akashindwa, kwa sababu mkono uliovunjika ndio wa kuandikia. Nimekosea wapi?
Karani Mwaminifu

Karani, pole, ingawa umejitakia. Ni kweli habari za mgonjwa hazitolewi ovyo kwenye simu, na jalada la mtu usiyemhudumia halifunguliwi. Hapo sikulaumu. Lakini siri ni ya mgonjwa, si yako, na mwenye siri ana akili timamu, amekwambia, "Mwambie mama." Ulitaka nini tena? Kama ni lazima fomu, kidole gumba cha mkono mzima kilikuwepo, na muuguzi angeshuhudia. Tena wewe mkewe ulimwona akianguka sebuleni kwenu! Hayo hukuyasoma kwenye jalada.

Halafu mama mzazi umemnyima, sisi wasomaji ukatueleza hadi gauni la kulalia. Nimempigia mumeo kwa namba uliyoniachia, nikamwomba ruhusa ya kuchapa. Amekubali kwa mdomo tu, na imetosha.

Kesho nenda kwa mama mkwe. Usimtajie semina, usimtajie sheria. Yule mama alimzika mwanawe moyoni mchana kutwa, nawe ulikuwa na neno moja la kumfufua ukalifungia kabatini. Mwambie, "Mama, nimekosa." Kisha funga mdomo, akuseme mpaka achoke.