Taa ya Shangazi na Usiku wa Mjusi

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na hoja yangu naitanguliza: mjusi anayefugwa ana haki ya kupata usiku, na anayemnyima giza anamdhuru hata kama anampenda. Nina shahada, nimesoma vya kutosha kuhusu viumbe hawa, na wangu, mwenye madoadoa, anaishi katika sanduku la kioo sebuleni kwa shangazi yangu, fundi cherehani aliyenilea tangu wazazi wangu walipofariki, akanisomesha kwa sindano na uzi, na ambaye sijui nimshukuru kwa maneno gani, ila kila jioni nikizima taa ya sanduku yeye huiwasha tena, ati kiumbe asiogope, na sasa mjusi hatoki mafichoni, hagusi panzi ninaomletea, na mkia wake, ambao ndio ghala lake la mafuta, umekonda kama kamba ya kiatu.

Nilimweleza kwa utaratibu, akacheka: "Baba, wewe ulilala na taa mpaka ukaota ndevu, mbona hukukonda?" Nikamjibu kwamba hiyo si hoja, akarudi kwenye cherehani, na tangu hapo hatutaniani. Sitaki mjusi afe, wala sitaki kumuumiza mtu ambaye bila yeye nisingejua hata kusoma. Yeye anakuamini wewe kuliko mimi. Nijibu gazetini, asome mwenyewe.

Msomi Mwenye Mjusi

*

Msomi,

Pole. Kuhusu mjusi, uko sahihi. Taa iwake asubuhi, izimwe jua linapozama. Hata taa nyekundu usimwekee, anaiona. Akihitaji joto usiku, mtandikie mkeka wa umeme wa joto chini ya sanduku, wenye kidhibiti joto. Akiendelea kukataa chakula, mpeleke kwa daktari wa wanyama, si kwenye mdahalo.

Lakini mwanangu, kusoma kote huko, hukujiuliza taa ile ni ya nani? Miaka uliyokuwa chuoni, nani alikaa na shangazi yako sebuleni? Amezoea kumwachia mtu taa, tangu ulipokuwa mtoto. Alikutania kwa mapenzi, nawe ukamsahihisha kama mtihani! Aibu.

Leo hii hamishia sanduku chumbani kwako, karibu na dirisha lakini si juani, mjusi apate mchana wa kweli na usiku wa kweli. Sebuleni mwache shangazi awashe apendavyo. Kisha vuta kiti karibu na cherehani, na shukrani ulizoniandikia mimi umwambie yeye, kwa mdomo, bila kuthibitisha chochote.

Nawe shangazi, najua unasoma. Akishasema, tuandikie hapahapa, mbele ya wasomaji wote, alichokwambia neno kwa neno.