Sahani ya Ghati na Presha Yangu

Kijiji cha Kenyamonta,
Serengeti, Mara.
11 Aprili 1976

Mpendwa mume wangu mdogo Wangwe,

Marahaba, maana najua umeniamkia. Kama bado, niamkie sasa ndipo uendelee kusoma. U mzima? Kile kikohozi cha vumbi la pamba huko kiwandani Mwanza kimekuacha? Sisi tunapumua. Anayeandika ni Kezia, mwalimu wa kisomo, lakini maneno ni yangu na nimemkataza kuyalainisha.

Mwezi wa pili walikuja wataalamu wa utafiti wa presha. Walitufunga mpira mkononi sisi wazee wote, wakatupandisha kwenye mizani kama magunia. Mimi wakaniambia damu imepanda: nipunguze ugali, niache chumvi na samli, nitembee kila siku. Mwezi wa nane watarudi kupima kama inasaidia. Nikawaambia, "Mlituhamishia hapa ili kila kitu kiwe karibu. Sasa nitembee niende wapi?" Wakacheka. Basi nazunguka mistari hii ya nyumba kama ndama kwenye kigingi, na watu wananiuliza nimepoteza nini.

Nawatii kwa sababu nilimwona jirani yetu Efrazia. Alianguka akisaga ulezi, upande mmoja ukafa. Mpaka leo analishwa kwa kijiko.

Sasa sikiliza. Mkeo Ghati alikuwa akiniletea ugali na mboga inayoogelea samli. Nikawa nakula matonge matatu, sahani narudisha. Siku nne hivyo hivyo. Kosa ni langu: habari za presha nilimwambia kila mtu isipokuwa yeye. Na wewe unajua kwetu, bibi akirudisha chakula cha mke wa mjukuu wake mwenye mimba, watu wanasema amemlaani. Alilia, akafunga kanga zake, akavuka mto kwenda kwao Kemambo.

Baba yake, Mseti, akatuma neno: harudi mpaka nile sahani ya mkono wake mbele ya wazee wao, nisibakize hata tonge. Nikamtumia maneno ya daktari. Akajibu, "Presha ni mnyama gani? Mwambieni ale." Kisha Mto Mara ukafurika, hapiti mtu.

Nikila, naweza kulala kama Efrazia. Nisipokula, mtoto wako atazaliwa ng'ambo akiitwa aliyelaaniwa na bibi. Silali, Wangwe.

Nimeona njia moja tu. Bibi na mjukuu hula sahani moja, na hakuna mzee wa Kemambo wa kulikataa hilo. Omba ruhusa kazini. Maji yakipungua tutavuka wote wawili. Mimi nitakula matonge yangu matatu mbele yao, yaliyobaki ni yako.

Nisalimie shangazi yako Nyangi na mumewe Heche. Mwambie Heche naye akapimwe, na tumbo lake lile. Mungu akutangulie barabarani.

Ni mimi bibi yako akupendaye hata ninapokugombeza,
Wegesa

Kezia alikuwa ameshakunja karatasi, nimemwambia aifungue. Siku ya kuja, usile njiani.